Bure si huru: historia ya slaidi zangu zenye zilibaki ku intaneti



Watu wakijua kwamba umesoma historia, wanakuuliza paka juu ya Lumumba, juu ya Mobutu, juu ya mkutano wa Berlin. Hakuna mtu amekwisha kuniuliza historia ya slaidi. Mimi mwenyewe sikujua kama slaidi iko na historia, mpaka siku yenye zangu zilinipotea.

Ilikuwa Januari 2019. Nilikuwa nafundisha historia katika darasa la tano la sekondari, hapa Bukavu, mwaka wangu wa kwanza wa kazi. Nilitoka ku masomo na kiburi kidogo, kama vijana wote. Nilijiambia: mimi sitakuwa mwalimu wa kusomea watoto kaye ya zamani wakiandika mpaka vidole vinauma. Kwa hiyo, wakati wa likizo ya Noeli, nilitengeneza slaidi 34 juu ya mkutano wa Berlin: ramani, picha za wale mabwana wenye ndevu, mishale ya kuonyesha nani alichukua wapi. Nilizitengeneza zote ku intaneti moja kwa moja, juu rafiki alinionyesha kwamba pale ni bure, hakuna programu ya kununua, na hakuna haja ya kuhifadhi kitu ndani ya mashini. Hilo lilinifaa sana, kwani hata mashini yenyewe ilikuwa ya kuazima.

Tarehe 30 Desemba 2018 tulipiga kura. Kesho yake intaneti ikakatwa nchi nzima. Tulidhani ni siku mbili tatu. Ilirudi karibu tarehe 20 Januari. Masomo yakaanza tena, na mimi nikasimama mbele ya wanafunzi na projekta ya kuazima, umeme upo (siku ile, ajabu, ulikuwepo!), mashini inawaka, na slaidi hamna. Kijana mmoja wa nyuma akauliza: «Mwalimu, na ile ramani ulituahidia?» Nikachukua chaki nikachora Afrika ubaoni. Ikafanana na mguu wa kuku. Walicheka mpaka darasa la pembeni likagonga ukuta.

Katika chumba cha walimu kulikuwa papa mmoja mwenye alifundisha historia toka wakati wa Zaïre. Akasikia masikitiko yangu, akafungua sakoshi yake, akatoa kaye yenye gamba la plastiki. «Mutoto yangu, hii yangu haiombake rezo.» Akanipa fishi yake ya matayarisho juu ya Berlin, nikaenda kuipiga fotokopi Nyawera. Kurasa nne. Ramani yake, aliyoichora kwa mkono, ilikuwa nzuri kuliko yangu ya kompyuta.

Toka siku ile swali moja lilinishika: nilipewa nini hasa, waliponiambia «ni bure»? Nimekuwa nasoma juu ya jambo hili polepole, miaka yote hii, na leo nawaletea kile nilichokipata.

Tuanze na slaidi yenyewe. Mwaka 1987, kampuni ndogo ya California yenye jina Forethought ilitoa programu ya kutengeneza slaidi kwa kompyuta za Macintosh. Mwenye wazo alikuwa Robert Gaskins, na Dennis Austin aliandika sehemu kubwa ya programu. Mwanzoni waliiita Presenter, kiisha ikawa PowerPoint. Ilikuwa nyeusi na nyeupe tu, na kazi yake ilikuwa kutayarisha zile karatasi za plastiki zenye watu waliweka juu ya projekta ya taa. Mwaka ule ule Microsoft ikanunua kampuni nzima kwa dola milioni 14. Basi muone: hakuna mwalimu katika habari hii. Walifikiria mtu wa biashara mwenye anataka kuuza wazo lake ndani ya mkutano, mistari mitano mifupi, kiisha watu wapige makofi. Mimi nadhani njo maana mpaka leo somo la historia likiingia ndani ya slaidi linageuka kuwa kama orodha ya kwenda sokoni.

Kwetu hapa, tuseme ukweli, PowerPoint iliingia kwa mlango wa nyuma. Nani kati yetu alinunua leseni? Tulipeana kopi zilizovunjwa, kutoka flashi mpaka flashi, na ndani ya flashi virusi. Mnakumbuka ile virusi ya kugeuza dosie zote kuwa vifupisho visivyofunguka? Rafiki yangu mmoja alilia mbele ya TFE yake, majuma mawili mbele ya kuitetea. Bure yetu ya kwanza ilikuwa bure ya wizi, na tuliilipa kwa njia nyingine.

Lakini wakati ule ule kulikuwa na bure ya aina nyingine, na sisi hatukuijua. Ujerumani, katika miaka ya 1980, kijana mwenye jina Marco Börries alianza kampuni ya StarDivision, ikatoa programu ya ofisi yenye jina StarOffice. Mwaka 1999 Sun Microsystems ya Marekani ikainunua. Mwaka 2000 Sun ikafanya kitu chenye wauzaji hawakuzoea: ikaweka maandishi ya ndani ya programu mbele ya watu wote, na leseni yenye kusema kila mtu aweza kuitumia, kuifungua, kuigeuza na kuigawa. Ikaitwa OpenOffice.org. Ndani yake kulikuwa Impress, programu ya slaidi.

Sasa fuateni vizuri, juu hapa njo penye historia yote inageuka. Mwaka 2010 Sun yenyewe ikanunuliwa na Oracle. Wale wenye kujitolea ku OpenOffice wakaogopa: mwenye nyumba mpya atafanya nini na nyumba yetu? Mwezi wa Septemba mwaka ule wakachukua kazi yote, wakahama, wakaanza LibreOffice chini ya The Document Foundation. Hawakumwomba Oracle ruhusa, juu ruhusa ilikuwa imekwisha kuandikwa ndani ya leseni. Mwenye mali alibadilika, na mali haikupotea. Leo hii ukichukua LibreOffice kwa flashi ya jirani, uko mtu wa haki kabisa. Si mwizi. Na itafunguka hata kama rezo imekatwa toka Beni mpaka Boma.

Hapo nilielewa kitu kuhusu lugha. Richard Stallman, yule Mmarekani aliyeanza kupigania programu za namna hii mwaka 1983, aliteseka miaka na miaka kueleza wazo lake, kwa sababu Kiingereza kinatumia neno moja kwa kitu kisicholipwa na kitu kisichofungwa. Wafaransa wana maneno mawili. Sisi vilevile: bure na huru. Kitu cha bure hukukilipia. Kitu huru hakuna mtu wa kukunyang'anya. Tena Kiswahili chetu kiko na akili zaidi, kwani mtu «aliyefanya kazi bure» ni mtu aliyetoka jasho bila kupata kitu. Mimi na slaidi zangu 34, njo mimi huyo.

Turudi ku intaneti. Toka 2005 hivi, vifaa vya walimu vilianza kumea kama uyoga nyuma ya mvua. Wikispaces ilianza 2005, mahali mwalimu na wanafunzi wake waliandika kurasa pamoja. SlideShare 2006, ya kuweka slaidi zako ili wengine wazione. Google ikaongeza slaidi ku Google Docs mwaka 2007. Edmodo 2008, kama Facebook ya darasa. Prezi ikatoka Budapest mwaka 2009, ile yenye kurukaruka mpaka kichwa kinazunguka. Vyote vilikuwa na mlango wa bure. Nilipoingia iniversite, asistanti mmoja alitumia Prezi siku ya kwanza ya kozi na sisi wote tukafungua midomo. Sikumbuki kozi ilihusu nini. Nakumbuka tu ile kuruka.

Tuangalie walienda wapi. Prezi za kwanza zilijengwa juu ya Flash, na Flash ikazikwa rasmi tarehe 31 Desemba 2020. SlideShare ilinunuliwa na LinkedIn mwaka 2012, kiisha ikapitishwa kwa Scribd mwaka 2020. Wikispaces ilitangaza mwaka 2018 kwamba inafunga. Walimu wenye waliweka pale kazi ya miaka kumi wakapewa miezi michache ya kuhamisha vyombo. Jamboard, ule ubao wa Google wenye walimu wengi waliushika wakati wa korona, ulifungwa mwisho wa 2024.

Habari ya Edmodo ndiyo iliniuma zaidi. Mwaka 2018 kampuni ya China, NetDragon, iliinunua. Mwezi wa Machi 2020, korona ilipofunga masomo, serikali ya Misri iliichagua Edmodo kuwa darasa la nchi nzima, mamilioni ya wanafunzi. Tarehe 22 Septemba 2022 Edmodo ikafungwa. Miaka miwili na nusu tu! Wazeni mwalimu wa kijiji kando ya Nili, mwenye alijifunza usiku namna ya kuweka mazoezi mule, akizoesha watoto na wazazi wao, kiisha anapata ujumbe mmoja: chukua vitu vyako.

Sisemi wenye makampuni ni watu wabaya. Kulisha seva kunakula pesa, wafanyakazi wanataka mshahara, na mwekezaji anataka faida. Nyumba ni yao. Sisi tulikuwa wageni, na mgeni hachimbi msingi.

Walimu wengine walikuwa wameliona jambo hili mapema. Mwezi wa Aprili 2001, iniversite ya MIT ilitangaza kwamba itaweka kozi zake ku intaneti bila malipo, wakati iniversite zingine ziliota kuziuza. Kozi za kwanza 50 zikatoka 2002. Mwaka ule, mwezi wa Julai, UNESCO ilikusanya watu Paris kuzungumza juu ya jambo hilo, na pale likazaliwa jina la «rasilimali huria za elimu». Mwezi wa Desemba, Creative Commons, ya Lawrence Lessig na wenzake, ikatoa leseni zake za kwanza. Unaweka alama ndogo juu ya kazi yako, na kila mtu anajua aweza kufanya nini nayo. BY maana yake ni: chukua, badilisha, gawa, lakini taja jina langu. Ni alama yenye herufi mbili tu, na inafanya kazi yenye mwanasheria angekuombea dola.

Na zile kozi za MIT zilifikaje kwa iniversite za Afrika zenye rezo ya kukohoa? Kwa diski ngumu! Waliweka kozi zote ndani ya diski, wakazituma, zikafungwa ku rezo ya ndani ya chuo. Kitu kikiwa huru, unaweza kukibeba mkononi. Kitu cha bure tu, lazima umfuate mwenye nacho nyumbani kwake, kila siku, na mega zako.

Mega, njo bei yenye haiandikwi. Wanakuandikia «bure», na wewe unanunua inite kila asubuhi. Toka Septemba 2020 mpaka 2022 tulikatwa tena na RAM juu ya inite zile zile, mnakumbuka. Mshahara wa mwalimu mnaujua. Kutengeneza somo moja ku intaneti, na picha, na kulifungua tena darasani, na kulituma kwa wenzako, kulikula pesa ya mchele.

Kuna mtu mmoja katika historia hii mwenye nampenda kuliko wote. Jina lake Martin Dougiamas, Mwaustralia. Alikulia jangwani, mbali na mji wowote, na shule yake ilikuwa sauti ya mwalimu ku redio ya mawimbi mafupi, na vitabu vyenye ndege ilikuwa inaleta. Mtoto yule alipokua alitengeneza Moodle, programu huru ya kuendesha masomo, toleo la kwanza 2002, na leo iko ndani ya vyuo karibu dunia nzima. Alijua maana ya kusoma ukiwa mbali. Mwaka 2020, masomo yetu yalipofungwa mwezi wa Machi, na sisi tulirudi ku redio: Okapi École ilisomesha watoto wetu kupitia Radio Okapi. Mimi nilikaa na mtoto wa dada yangu kando ya redio, yeye na kaye, mimi na kahawa, nikamfikiria yule mtoto wa jangwani.

Kuna wengine wa ukoo huo. Kiwix, toka 2007, inakupa Wikipedia nzima katika faili moja yenye unasoma bila rezo. Kolibri, yenye ilitoka 2017 nyuma ya kaka yake KA Lite wa 2012, inafanya mashini moja iwe kama maktaba: wanafunzi wanaunga telefone zao kwake kwa wifi, hakuna mega hata moja inatoka. African Storybook ya Afrika Kusini inatoa hadithi za watoto, na za Kiswahili zimo, zenye leseni huru. Siku ya kwanza niliwasha Kolibri darasani, kijana mmoja akasema: «Mwalimu, umetununulia inite sisi wote?»

Basi sisi walimu wanne tulianza kazi ndogo. Yule papa wa kaye alipata pensheni 2021. Tulimwendea kwake Kadutu na soda, tukamwomba tuchape fishi zake zote ndani ya LibreOffice. Akanyamaza kwa muda. Kiisha akauliza kitu kimoja tu: «Jina yangu itabaki?» Nikamweleza ile BY. Hakuielewa yote, nadhani, lakini «taja jina langu» aliielewa vizuri sana. Miaka yote ile walimu walipiga fotokopi za fishi zake na kukata sehemu ya juu, palipo na jina.

Kuchapa kulituchukua karibu mwaka mmoja, jumamosi kwa jumamosi, kufuatana na umeme. Ramani zake tulizipiga picha kwa telefone mchana, dirishani, na tukaziweka vile zilivyo. Kwa wale wenye watataka kufanya hivi na kaye za walimu wao, niwaambie vitu vichache vyenye tulijifunza kwa kuumia. Wekeni kila somo katika namna mbili: faili ya kubadilisha na PDF ya kusoma, juu PDF inafunguka hata kwa telefone ndogo, na haibadiliki herufi. Ku WhatsApp mtume kama dokima, msitume kama picha. Mkituma picha inakamuliwa na maandishi ya ramani hayasomeki tena. Penye hakuna mega, Xender inatosha. Jina la mwalimu na alama ya leseni viwe chini ya kila ukurasa, si ukurasa wa kwanza tu. Sisi tuliweka ukurasa wa kwanza tu, na siku tatu nyuma yake tuliona fishi ya Berlin inazunguka bila kichwa, kama zamani.

Slaidi pia ninazo tena. Ninazitengeneza ndani ya mashini, kopi moja ku flashi, kopi moja kwa mwenzangu, na kopi ku intaneti vilevile, juu intaneti siichukii. Ni nzuri sana kwa kutuma mbali. Ila mahali pa kulala pa slaidi zangu si pale tena.

Mwaka jana flashi moja ilivuka ziwa kwa boti mpaka Idjwi, kwa mwalimu kijana mwenye anafundisha kule. Nyuma ya majuma mawili akanituma ujumbe, kwa heshima nyingi, akiogopa kidogo: katika fishi ya papa, mkutano wa Berlin unamalizika Desemba 1884. Ulianza tarehe 15 Novemba 1884 na ulimalizika tarehe 26 Februari 1885. Yeye alikwisha kurekebisha kopi yake. Na sisi tufanye nini na yetu?

Nilikuwa nimefundisha kutoka ile fishi toka 2019, na sikuwa nimeona. Na wale wote waliopiga fotokopi mbele yangu, sijui miaka mingapi.

Nikapanda Kadutu na mashini, nikamwonyesha papa. Alisoma mistari ile polepole, kidole juu ya ekrani. «Huyu kijana ni wa wapi?» Nikamwambia wa Idjwi. «Muandike na jina yake pale chini, kando ya yangu.» Kiisha akaenda chumbani, akarudi na kaye yake ya gamba la plastiki na biki nyekundu, akatafuta ukurasa, akakata tarehe kwa mstari mmoja, akaandika mpya juu yake.